Nyuzi Nyekundu Jichoni

4 Februari

Binti yangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, isipokuwa goti la mama yako. Hujambo huko maabara?

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Kile kioo cha mbele ya jicho, kilichotolewa kwa marehemu mmoja, walichonishonea hospitalini kimekubali. Jicho la kwanza lililiwa na cheche za kuchomelea, lakini kwa hili lililobaki naona hadi doa la mchuzi kwenye gauni la mama yako, naye hafurahi. Wiki ijayo nafungua karakana. Kero ni matone tu. Daktari anataka niyatie mwaka mzima, na jicho limeshapoa!

Baba yako

19 Februari

Baba,

Shikamoo. Nimeona mwandiko wako nikacheka, kisha nikalia. Mpe mama pole ya goti.

Matone usiache, tafadhali. Kioo cha jicho hakina mshipa hata mmoja wa damu, ndiyo maana kinapitisha mwanga. Chembe za kinga, yaani askari wa mwili, wakiona jeraha hukimbilia hapo, pakavimba na kuwaka, kisha huita mishipa mipya iote. Mguuni hiyo ni neema. Jichoni ni balaa, kwa sababu kupitia mishipa hiyo watakuja askari wengine, watakuta kipande cha mtu mwingine na kukishambulia. Matone ndiyo yanayowatuliza.

Mwanao

30 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Tuko wazima, sijui wewe. Unakula vizuri?

Maneno yako ya kitabuni ni matamu, sasa sikiliza ya karakana. Nimeungua mikono maisha yangu yote. Kidonda cheupe huoza, chekundu hupona, kila fundi anajua. Kwa matone yale jicho lilikuwa jeupe kama la samaki wa barafu. Nikasema, hapa damu inafukuzwa. Nikayaacha tangu mwezi uliopita.

Leo nimejitazama kwenye kioo cha pikipiki ya mteja. Nyuzi nyekundu zinatoka pembeni zinaelekea katikati. Damu imekuja kukishika kipande! Mwanga unaniumiza na kuna ukungu kidogo, lakini dawa ya moto ni moto. Usimwambie daktari, atanuna.

Baba yako

6 Juni

Baba,

Shikamoo. Ukimaliza kusoma hapa, nenda kliniki leo hii. Ukungu huo ni dalili kwamba kipande kinakataliwa, na nyuzi hizo ndiyo njia ya askari niliyokueleza. Nyuzi kama hizo nazitazama kwa darubini kila siku ya kazi. Sikutaka kuzisikia kwako. Nimekasirika, baba, na ninaogopa. Simu yako haipatikani, ya mama pia.

Mwanao

2 Julai

Baba,

Shikamoo. Mbona kimya? Kama umenuna, nuna, lakini nijibu.

Mwanao

11 Septemba

Binti yangu,

Marahaba. Natumaini u mzima. Mwandiko huu ni wa seremala jirani. Mimi nasema, yeye anaandika, na makosa ni yake.

Nilikwenda kliniki, nilichelewa. Daktari hakununa, na heri angenuna. Anasema kipande kingine hakitadumu, barabara ziko tayari na askari watakifikia upesi. Naona weupe tu, kama mtu aliye ndani ya moshi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikujua hata la mtoto linavunja. Karakana nimefunga. Naumia, sikufichi.

Mama yako sijamwambia kwamba ndiyo basi. Nilimwambia ukungu utatoka. Njoo, mwanangu, umwambie wewe, mimi nimeshindwa.

Kila asubuhi ananivalisha, na kila asubuhi ananiuliza kama namwona. Najibu, namwona kwa mbali. Leo aliniuliza, "Mkono niliouinua unauona?" Nikasema nauona. Mikono yake yote miwili ilikuwa inanifunga vifungo vya shati.

Baba yako