Kioo Nilichokisugua kwa Majivu

Mwende,

Nimekaa kwenye meza ile ile uliyokuwa ukifungulia darubini yako. Naandika kwenye daftari lako, zile kurasa za nyuma ambazo hukuzifikia. Vumilia mwandiko wangu. Shule yangu iliishia darasa la nne, na barua ya mwisho niliyoandika ilikuwa ya kumweleza mwalimu wako kwamba una kifua, asikukimbize uwanjani.

Nina jambo la kukwambia. Ninalo tangu ile Jumamosi ya ushirika. Nilikuwa nalo hata nilipokushika mkono hospitalini, ukaniuliza mbona nalia na wewe unaendelea vizuri. Nikasema ni moshi wa jikoni umeniingia. Jikoni gani, mwanangu, na tulikuwa wodini?

Ngoja nikupe habari za nyumbani kwanza, ndiyo nipate nguvu. Ndengu tumevuna, si nyingi. Mbuzi mweupe amezaa mapacha. Mama Ndanu amekuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, sasa hata salamu anaitoa kama tangazo. Kule Tawa, kwenye duka la kutoa kopi, wameweka msichana mwingine kwa kiti chako. Nilipoenda kuchukua vitu vyako alinipa kikombe chako amekifunga na gazeti, halafu akaingia ndani haraka. Nadhani hakutaka nimwone akilia.

Wamama wengine hapa Kanyangi huwangoja watoto wao mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa nangoja mwezi wenyewe upotee huko juu, nikajua Mwende anakuja, kwa sababu unataka giza. Hata sasa mwezi ukipungua naweka maji mengi kidogo ya chai. Naweka, halafu nakumbuka.

Unakumbuka siku uliyoileta darubini? Bomba fupi nene, jeupe, na mimi nikasema wewe umenunua tangi la maji la kuku. Ulicheka mpaka ukatafuta dawa yako ya kuvuta. Nilidhani mbele kuna kioo kama cha miwani. Ukaniita mama kwa Kikamba chetu, ukasema, “Mwaitu, chungulia. Mbele ni wazi. Kioo kiko chini kabisa, kinakusanya mwanga na kuurusha juu kwa hiki kidogo.” Nilichungulia nikaona uso wangu mkubwa kama wa ng'ombe. Uliniambia Fundi Kioko wa Kasikeu, yule wa kutengeneza redio, ndiye aliyekuuzia, na kwamba atakufundisha kwa simu. Na kweli alikufundisha. Usiku wa giza nilikuwa nawasikia, yeye kwa simu na wewe uwanjani, mnabishana juu ya skrubu kama mtu na mjomba wake.

Mimi sikuelewa kitu lakini nilipenda kuwasikia. Uliweka mawe matatu uwanjani ukayapaka chokaa, ya kukanyagwa na miguu ya darubini, na kila asubuhi nilifagia nikiyazunguka. Ulichukua kifuniko cha sufuria yangu ya chai ukafunika mdomo wa bomba, ukapiga picha za giza tupu. Nikasema huyu mtoto sasa ni wazimu, anapiga picha kifuniko changu. Ukanieleza kwamba kamera ina madoa yake yenyewe, na hizo picha za giza ndizo zinaonyesha madoa hayo ili kompyuta iyatoe. Ulikuwa unatafuta lile wingu kando ya zile nyota tatu za mstari mmoja. Ulisema picha moja haitoshi, mwanga wake ni mdogo sana, unachukua mamia na kuzilaza moja juu ya nyingine mpaka wingu litoke. Ulisema, “Ni kama kukama mbuzi asiye na maziwa, Mwaitu. Kidogo kidogo.”

Sasa ile Jumamosi.

Akina mama walikuwa wanakuja kwetu kwa ushirika wa maombi saa nane. Unanijua. Wageni wakija, mimi silali. Nilikuwa nimefagia, nimepaka sakafu, sufuria zote nimezisugua na majivu na gunzi mpaka makalio yake yanang'aa kuliko uso wangu. Watu wa hapa wanasema sufuria za Mama Mwende unaweza kujitazama. Hiyo ndiyo sifa yangu mimi, sina nyingine.

Wewe ulikuwa umetoa kioo kwenye bomba, umekilaza mezani juu ya taulo, ukakifunika na leso. Kilikuwa na vumbi la mwaka mzima. Ukasema unaenda sokoni kununua maji ya betri, yale safi yasiyo na chumvi, ya kukioshea. Ukasema, “Mwaitu, usiguse. Nikirudi nitakiosha mwenyewe.”

Nilikusikia. Nataka ujue hilo. Nilikusikia vizuri.

Lakini nilifikiri, mtoto anaenda kununua maji na mimi nina mtungi umejaa? Na meza yenyewe wageni watakaa hapo. Nikafunua leso. Nikaona vumbi, nikaona haya kama mtu aliyekutwa na kikombe kichafu. Nikasema nitamsaidia, akirudi atafurahi. Nikachukua majivu, nikachukua gunzi, nikakisugua kioo chako kama sufuria.

Nilikuwa nimefika nusu ndipo nikaona mng'ao unaondoka. Sikujua kwamba kile kinachong'aa kiko juu ya kioo, wazi, utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Kioo cha nyumbani mng'ao wake uko nyuma, ukisugua mbele hakuna neno. Hiki chako kilibaki nusu kinang'aa na nusu kina ukungu, na mikwaruzo inazunguka. Nikakisuuza, nikakikausha na nguo, nikakirudisha juu ya taulo, nikafunika leso vile vile ulivyokuwa umeikunja.

Ulirudi na chupa yako ya maji. Ulifunua. Ulikibeba mpaka mlangoni kwenye mwanga, ukainama. Uliniuliza mara moja tu, “Mwaitu, umekigusa?”

Nikasema, “Sijagusa.” Nikaona hiyo haitoshi, nikaongeza, “Labda yule fundi alikuuzia kioo kibovu, akakipaka rangi. Sasa vumbi likitoka na rangi inatoka.”

Na wewe uliniamini. Kwa sababu sijawahi kukudanganya, hata ulipokuwa mtoto na kuku wako alipochinjwa. Uliniamini palepale, Mwende, na nikaona jinsi uso wako ulivyobadilika juu ya mtu mwingine. Ulimpigia Kioko simu ukiwa umesimama uwanjani. Ulimwita mwizi. Sijawahi kukusikia ukimwita mtu hivyo. Alijaribu kusema kitu, ukakata.

Saa nane wakaja. Mama Ndanu akakuona macho mekundu, akauliza huyu msichana ana nini. Ningeweza kusema hapo. Walikuwa wanawake saba, wote ninawajua tangu kuolewa kwangu. Nikasema, “Ametapeliwa na fundi mmoja wa Kasikeu, anaitwa Kioko.” Basi wakamwombea kwa jina. Wakamwomba Mungu amfichue mwizi huyo. Na aliyesema amina kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa ni mimi.

Baadaye ulikirudisha kioo hivyo hivyo. Hukuwa na kingine, na mwalimu hukuwa naye tena. Wingu lilikuwa linatoka hafifu. Pale ulipokuwa unakaa nje saa moja, sasa ulikaa saa tatu, Februari na Machi, kwa vumbi na kwa umande. Nilikuwa nakuletea shuka na chai, na nakugombeza juu ya kifua chako. Nakugombeza! Nilikuwa na neno moja tu la kukwambia lingekurudisha ndani, na badala yake nikakuletea shuka.

Mvua ilipoanza kifua kikakushika, na hakikukuachilia. Daktari aliandika kifua. Hakuandika kioo. Pasta alisema ni mapenzi ya Mungu, na mimi nikaitikia kwa kichwa pamoja na watu wengine.

Kioko alikuja mazishini. Alisimama kule kwenye ua wa miba na kofia mkononi, hakusogea. Mama Ndanu alimjua kwa kuulizia, akanong'ona, “Na huyu ana uso wa kuja hapa?” Nilimwona akiondoka kabla ya chakula. Nikamwacha aondoke na njaa.

Zile nyota tatu zilipotea baada ya wewe kuzikwa. Nilifikiri zimekufa pia. Sikujua zinaenda na kurudi. Desemba nilitoka kufunga mbuzi, nikaziona hizo, zimerudi pale pale upande wa mashariki kama mtu aliyetoka safari. Nilisimama mpaka shingo ikauma. Asubuhi yake nikavaa nguo za kanisa nikaenda Kasikeu.

Nilimkuta Kioko katikati ya redio zake, ana kile chuma cha kuyeyusha risasi ya kuunganisha nyaya mkononi. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Aliuliza, “Majivu?” Nikasema majivu. “Na gunzi?” Nikasema na gunzi. Akasema, “Ai, Mama Mwende,” akaweka kile chuma chini, akatoka nje. Alikaa huko muda mrefu. Nilidhani ameenda zake ameniacha na duka.

Aliporudi hakusema amenisamehe, na sikuomba. Alisema hivi, na nakuandikia kama alivyosema, “Nilisikia amelazwa. Nilifika mpaka geti la hospitali. Nikafikiri nitamkasirisha na anahitaji pumzi, nikarudi.”

Mwende, alifika mpaka getini. Mtu aliyekufundisha mbingu yote alisimama getini, kwa sababu ya mdomo wangu.

Nilimwomba anifundishe. Aliniangalia kama nimechanganyikiwa. Nikamwambia daftari la Mwende liko nusu, picha ziko nusu, mimi siwezi kulala na kitu cha nusu ndani ya nyumba. Alikuja wiki ile mwezi ulipopotea, akaja na basi la mchana, na kompyuta yake kwa mfuko wa unga. Tuliweka miguu kwenye mawe yako matatu. Alinieleza mbona ule mhimili ambao darubini inauzunguka ikifuata nyota umelala karibu chini kabisa, kwa sababu sisi tuko karibu na ikweta, nyota zinapita juu yetu moja kwa moja. Nyota yangu ya kwanza ilitoka kama andazi lenye tundu katikati. Nikasema ni nzuri. Kioko akasema, “Mama, hiyo ni nyota ambayo haijawekwa sawa.” Tukatafuta ile karatasi yako ngumu uliyoikata mistari kwa boksi la mafuta ya kupikia, tukaivalisha mdomo wa bomba, nikazungusha skrubu kidogo kidogo mpaka mistari mitatu ya mwanga wa nyota ikakutana. Nilikuwa nagusa vitu vyako kwa ruhusa ya nani?

Kifuniko cha chai ni mimi niliyekifunika.

Sasa najua kupiga picha peke yangu. Nimeharibu siku nyingi. Siku moja nilisahau kuwasha mota ya kuisukuma darubini ifuate nyota, nikapiga picha mia mbili za nyota zinazokimbia. Siku nyingine mbuzi alipiga teke mguu mmoja. Lakini nimepata picha za jumla ya saa sita. Kioko alifungua picha zako za kabla ya ile Jumamosi. Safi, Mwende. Nyota kama chumvi. Halafu zako za baadaye na zangu, nyota zote zina ndevu. Hiyo ni mikwaruzo ya gunzi langu, iko kwenye kila nyota. Nilimuuliza kama kuna picha ya giza ya kuitoa hiyo. Akasema hapana. Akauliza tuchanganye zote, zako za kwanza, zako za mwisho, na zangu? Nilikataa. Nilisema nisikuchafulie tena. Akasema, “Zile za mwisho alizikalia nje yeye mwenyewe. Utazitupa?”

Basi tukachanganya. Wingu lilitoka. Lina mabawa mawili mekundu kidogo, na katikati pana mwanga kama kaa la moto lililopulizwa. Ile sehemu hafifu ya pembeni uliyoitafuta, iko. Na ndevu ziko. Nimeitundika picha hiyo mahali wageni wanakaa. Wakisema ni nzuri, nashindwa kuinua macho.

Kesho ni Jumapili. Nimemwambia Mama Ndanu nina ushuhuda, na amefurahi, anafikiri ni juu ya ndengu. Kioko nimemwomba aje, na amesema atakaa nyuma. Nakuahidi nitasimama mbele ya wale saba na wote wengine, nitasema jina lake kwa sauti ile ile niliyosemea amina, niseme mwizi mliyemwombea afichuliwe ni mimi. Sijui watanitazama vipi baada ya hapo. Sufuria hazitanisaidia.

Ningependa kujiambia kwamba ulijua na ukanistahi. Hukujua. Ulienda ukiniamini. Hilo ndilo nitakalokuja nalo mikononi siku tutakayoonana, na sitaomba unipokee haraka.

Vumbi limeanza kukaa tena juu ya kioo. Naliona nikichungulia, na vidole vinaniwasha. Silifuti. Chupa yako ya maji ya betri bado iko juu ya kabati, haijafunguliwa. Kioko akija ataniambia kama ni wakati.

Lala, mwanangu. Mawe yako nitayafagia nikiyazunguka.

Mwaitu.