Kisima Kilichochaguliwa na Ng'ombe

Jumatatu, 2 Juni

Maharage yamegoma tena. Nimeyabandika alfajiri, mpaka wateja wanafika bado yanagonga sufuria kama kokoto. Maji ya kisima chetu ndivyo yalivyo. Sabuni haitoi povu, sufuria ya chai imeota ukoko mweupe. Wateja wangu wa mnadani wamekula wali na mchicha, wakanuna. Na mimi nikanuna.

Tumaini karudi kutoka shule analalamika magoti. Ana miaka saba na miguu imeanza kupinda. Wazazi wake wako Mtera kwenye biashara ya samaki, mjukuu nakaa naye mimi. Daktari wa mjini alishasema: ni madini ya floridi. Asinywe maji ya kisima kile wakati mifupa bado inakua, na kisima kipimwe. Nimeomba kipimwe tangu masika. Wiki hii afisa wa maji wa wilaya anakuja. Atanisikiliza, apende asipende.

Alhamisi, 5 Juni

Afisa amekuja. Kijana, viatu safi, shikamoo nzuri. Uzuri wake ukaishia hapo.

Kisima hakipimwi. Kanuni zinasema kinachopimwa ni "mfumo wa maji ya kunywa ya umma", yaani mradi ulioandikishwa kwa ajili ya watu kunywa. Chetu kiliandikishwa "chanzo cha maji ya mifugo". Kina birika la kunyweshea, basi ni cha ng'ombe. Nikamwambia kijiji kizima tunakunywa hapo, shule inakunywa, zahanati inakunywa. Akajibu kwa upole kabisa, "Mama, hayo ni matumizi yasiyo rasmi."

Yasiyo rasmi! Miguu ya mjukuu wangu imepinda rasmi.

Kuna zaidi. Bomba la kijiji jirani linaweza kuvutwa hadi kwetu. Lakini wanaovutiwa bomba ni wale ambao maji yao ya kunywa yamepimwa yakashindwa. Yetu hayawezi kushindwa kwa sababu hayapimwi. Hayapimwi kwa sababu hayanywewi. Nimemwomba arudie, nikidhani nimesikia vibaya. Akarudia.

Njia iko moja. Mkutano wa kijiji ukubali kubadilisha matumizi ya kisima, na ng'ombe waondoke pale. Chanzo cha watu hakichanganywi na mifugo. Bomba likifika ng'ombe warudi zao, mimi sina ugomvi nao. Ila nani atawaambia wenye ng'ombe?

Jumapili, 8 Juni

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa natazama kisogo cha mkwe wangu, viti vitatu mbele.

Wachimbaji walipokuja miaka ile waliuliza tuchimbe wapi. Wazee wakasema waulizeni ng'ombe. Kila kiangazi ng'ombe wa mkwe walikuwa wanakimbilia sehemu ile ile kulamba udongo. Pakachimbwa pale pale. Maji yakatoka mengi, yana chumvi, ng'ombe wakanywa mpaka matumbo yakavimba. Watu wakapiga vigelegele. Ng'ombe hadanganyi, walisema. Na kweli hakudanganya. Alichagua anachokipenda yeye. Sisi tukaja na ndoo nyuma yake.

Tangu hapo ukikisema vibaya kisima umewasema vibaya ng'ombe wa mkwe. Na mkwe hasemwi. Mwanawe kamwoa binti yangu, Tumaini ni wetu sote wawili. Sili mbele yake. Tukikutana njiani nampisha, naangalia chini. Hata hapa naandika "mkwe", jina lake kalamu inakataa.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda Chamwino, ofisi ya mifugo. Wao kisima wamekipima! Maji yanafaa kwa ng'ombe, mhuri umegongwa. Kwa hiyo ng'ombe wa kijiji hiki wana maji yaliyothibitishwa na watoto hawana. Nimecheka peke yangu barabarani mpaka mwendesha bodaboda akaniuliza kama naumwa.

Ijumaa, 13 Juni

Mkutano.

Afisa alieleza kanuni zake. Mkwe akasimama, akaegemea fimbo. Akasema maji yale hayajaua mtu. Ng'ombe wanakunywa mwaka wa ngapi huu, nani amewaona wamepinda miguu? Wazee wakaguna kukubali. Mwenyekiti akawa tayari kufunga mkutano. Mwoga yule.

Nikasimama. Sikupanga. Nilimtazama mkwe usoni, mbele ya kijiji, nikasema: "Mkwe, ng'ombe zako unawauza wakiwa bado wachanga. Mjukuu wetu hatumuuzi."

Wanawake walijiziba midomo kwa khanga. Na mkwe? Alikaa chini polepole, akatazama fimbo yake.

Kura zikapigwa. Ng'ombe wanabaki. Kisima kinabaki cha mifugo. Nimeaibika bure.

Jumamosi, 14 Juni

Wifi amekuja asubuhi na mapema, hata chai hakutaka. Anasema lazima nipeleke kuku kwa mkwe, kuomba radhi. Ndiyo desturi, najua. Nimemwambia sipeleki. Kuku wa nini? Wa kusema kweli? Kaondoka amekasirika. Akasirike.

Hakuna aliyekuja kula leo mnadani isipokuwa wageni.

Alhamisi, 19 Juni

Wameleta kibao. Hawakuleta chupa ya kupimia, hawakuleta bomba, wameleta kibao. Herufi nyekundu: MAJI YA MIFUGO. HAYAJATHIBITISHWA KWA MATUMIZI YA BINADAMU. Wamekisimika kwa saruji wakapiga picha, wakaenda. Sasa tukifa tumekufa kwa ubishi wetu wenyewe, tulishaonywa.

Kufika jioni kina mama wametundika khanga zao juu yake, wanachota. Wafanyeje? Bomba la jirani ni mbali na si kila mtu ana punda.

Mimi nampa Tumaini maji ya bomba kwenye chupa aende nayo shule, kila siku. Leo chupa imerudi imejaa. Wenzake walimcheka, eti anajifanya wa mjini. Amekunywa ya kisima. Nilinyanyua mkono nimchape, nikashindwa. Nimekaa jikoni nikalia kwa hasira. Nimechoka kulinda mtoto kwa chupa.

Jumapili, 22 Juni

Tumaini alilala kwa mkwe, babu yake, kama kawaida ya kila mwisho wa wiki. Ugomvi wa wakubwa haumhusu, sikumzuia. Amerudi anasimulia. Babu alimwambia atembee kutoka mlangoni hadi mwisho wa zizi, halafu arudi. Halafu tena. Kisha akamwita akamshika magoti, akakaa hivyo muda mrefu. "Alishika yote mawili, bibi. Mikono yake ilikuwa ya baridi."



Jumanne, 24 Juni

Ng'ombe wa mkwe hawakuja kisimani leo. Wala jana. Nilidhani wana ugonjwa. Wifi ndiye aliyeniambia, akisahau kuwa ameninunia: mkwe amewapeleka lambo la kijiji cha tatu. Kundi lote. Vijana wake wanalalamika kwato na umbali, anawaambia waendelee kutembea.

Hajamwelezea mtu sababu. Na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Alhamisi, 26 Juni

Wenye ng'ombe wengine wamemfuata. Hawataki kuonekana wamebaki nyuma ya kundi lake. Birika limekauka, mijusi wamejaa mle kama ni nyumba yao. Mwenyekiti, ambaye wiki mbili zilizopita alikuwa hana sauti, leo ameipata. Amempigia simu afisa: hakuna ng'ombe hata mmoja anayekunywa hapa, sasa hiki ni kisima cha nani? Afisa akasema atawasiliana na wakubwa.

Nilikuwa na matusi yangu tayari kwa ajili ya jibu hilo. Nikayameza.

Jumamosi, 28 Juni

Jibu limekuja. Jumatatu wanakuja na chupa za kupimia. Kisima kinaandikishwa upya; wakubwa wamesema kisichonywewa na ng'ombe si cha mifugo, kura ya pili haihitajiki. Najua maji yatashindwa, na kwa mara ya kwanza naomba tushindwe haraka. Bomba litachukua muda, sijidanganyi. Mpaka hapo ni chupa ya Tumaini na maneno ya wenzake.

Nimekamata kuku. Si yule mzee anayekula mayai yake. Nimekamata mtetea mwekundu, anayetaga kila siku. Nimemfunga miguu kwa kitambaa laini, nikampa wifi ampeleke. Hakuuliza, na mimi sikueleza.

Jioni nimekutana na mkwe njiani, anatoka lambo, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikampisha, nikaangalia chini. Nimeona viatu vyake vya matairi vimekatika ukanda, ameufunga kwa kamba. Akapita polepole.