Namna Baba Anavyosimama

Jumatatu, 4 Oktoba 1993

Nimepewa uzee! Darasa limejaa wavulana wenye ndevu, na Mwalimu Nestory anamchagua nani awe Mzee? Mimi, Minza, msichana wa Kisukuma asiye hata na sauti nzito. Anasema wavulana wakipewa uzee wataigiza kwa kukohoa. Kweli bwana — Felisian alikuwa ameshaanza kukohoa kabla hajaulizwa.

Igizo lenyewe si gumu. Mzee anahamisha kaya yake kwenda mbali. Binti yake hataki kwenda. Mwishoni mzee anamwambia abaki. Basi. Bertila ndiye binti. Huyu huyu Bertila anayelala kitanda cha juu yangu, Mfipa wa hapa hapa mjini, atanililia na kuniita baba! Tumecheka bwenini mpaka matroni akagonga dirisha.

Ila huu ndio mtihani wetu wa mwisho wa vitendo, Jumatatu ya tarehe 25. Nikifaulu, mimi ni mwalimu. Nikianguka, mimi ni mchunga ng'ombe anayejua kusoma.

Na maneno ya igizo hatupewi! Mwili kwanza, maneno baadaye, ndivyo Mwalimu alivyofundishwa chuo cha sanaa Bagamoyo. Kila mtu atafute mtu anayemjua, amtazame anavyotembea, anavyokaa, anavyoshika vitu, halafu amvae kama shati. Tunalipa karo siku hizi, halafu tunafundishwa kutembea.

Jumatano, 6 Oktoba

Aibu. Nilimleta mzee mmoja niliyemwona sokoni akiuza ulezi. Nikapinda mgongo, nikaburuta mguu, nikatetemesha mkono. Mwalimu akatazama mpaka mwisho, akasema huyo si mzee, huyo ni Minza anayeumwa mgongo. Darasa likaanguka kicheko. Felisian ndiye aliyecheka kuliko wote, na yeye amepewa kuwa mfanyabiashara wa mahindi, kazi yake ni kushika kitambi!

Bertila ananiambia nimeiba kwa mtu nisiyemjua ndiyo maana. Mchukue unayemwogopa, anasema.

Ninayemwogopa ni mmoja tu. Jumapili naenda nyumbani.

Jumapili, 10 Oktoba

Nimerudi jioni, miguu yote vumbi. Ni mbali, ng'ambo ya mashamba ya Kasense, na kila nikienda naona njia imebadilika. Tangu malori ya watu binafsi yaanze kuja kubeba mahindi, kila kipande kinalimwa. Pale tulipokuwa tunanyweshea ng'ombe mwaka juzi sasa pana matuta. Ng'ombe wa baba wamekonda, mbavu zote nje.

Nimemtazama baba siku nzima. Siku nzima! Nimeishi naye miaka yote hii na sikuwa nimewahi kumtazama. Akiwa na ng'ombe husimama mguu mmoja: unyayo wa kulia anaubandika kwenye goti la kushoto, fimbo mkono wa kulia, uzito wote juu ya fimbo. Akisimama hivyo hana safari. Anaweza kukaa hivyo mpaka kivuli kigeuke upande. Akitaka kuonyesha kitu haonyeshi kwa kidole, anaonyesha kwa kidevu. Akicheka, anacheka kwa mabega, mdomo umefungwa.

Mwishowe akaniuliza, mayu, mbona unanitazama kama mnunuzi wa ng'ombe? Huniita mayu, yaani mama, tangu nikiwa mdogo. Nikamwambia ni kazi ya shule. Akacheka kwa mabega. Nikahifadhi.

Halafu nikapata kitu kizuri kuliko vyote! Wakati naaga, alikuwa amesimama kwa miguu yote miwili, vidole vimeng'ang'ania udongo. Akahamisha fimbo mkono wa kushoto. Kwa wa kulia akajikuna kisogo, polepole, huku akitazama kwato za ng'ombe badala ya pembe. Sijui kwa nini, ila niligeuka kumtazama mara ya pili. Hicho ninakiiba!

Mama amenipa kuku nimpelekee mama yake Bertila. Mtetea mzima anayetaga. Mama yangu mchoyo wa kuku, leo kulikoni?

Jumanne, 12 Oktoba

Nimefaulu! Nimevaa koti la mitumba la Felisian, nimeshika fimbo, nikaingia ukumbini bila kupinda mgongo hata kidogo, kwa sababu baba hajapinda. Nikasimama mguu mmoja. Nikawatazama. Hakuna aliyecheka. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akasema haya, sasa yupo.

Amri yake: nikae na mwili huo kutwa nzima, bwenini, jikoni, kila mahali. Ndipo yakanikuta. Nimekwenda kuchukua chakula na koti langu na kofia, mama Josefina wa jikoni alikuwa ameinamia sufuria, moshi machoni, akaona miguu na fimbo akasema, shikamoo baba. Nami nikamjibu marahaba! Mtu aliyempita mama yangu umri! Alipoinua uso na kuniona, alinifukuza na mwiko mpaka bomba la maji. Nimekwenda kumwomba radhi kwa magoti. Amesamehe, ila nyama nimenyimwa.

Alhamisi, 14 Oktoba

Siwezi kula.

Leo Mwalimu alisema tuigize bila maneno ile saa ambayo Mzee ameshaamua kuhama lakini hajamwambia mtu. Usifikirie, anasema, acha mwili. Nikaacha. Miguu ikashuka yote miwili. Fimbo ikahamia kushoto. Mkono ukaenda kisogoni. Macho yakatafuta kwato. Na nilipokuwa pale, ndani ya baba, nikajua anachokijua.

Anahama.

Nilikuwa mdogo tulipoondoka Tabora, lakini nakumbuka niliona miguu hiyo hiyo, vidole vile vile kwenye udongo. Tulipoondoka Mpanda nilikuwa mkubwa, nikamwona akijikuna kisogo siku nzima, nikadhani ana upele! Na kuku. Mama huanza na kuku. Hugawa kuku kwanza, halafu paka, halafu ndipo sisi watoto tunaambiwa.

Nililia palepale jukwaani. Darasa likapiga makofi! Mwalimu akasema huo ndio usanii. Wote wananipongeza, na Felisian ameniambia poa sana mshikaji, umetisha. Nimetamani kumpiga na fimbo.

Nimemwambia Bertila tu. Akasema labda nimekosea, labda alikuwa anajikuna kwa sababu anawashwa. Labda. Ee Mungu, iwe upele.

Jumapili, 17 Oktoba

Si upele.

Nilipofika hakukuwa na kuku hata mmoja uani. Mama alikuwa anafunga vyungu kwa kamba, akaniona, akaendelea kufunga. Baba akaniita nyuma ya zizi. Nikamsalimu kwa Kisukuma, mwangaluka baba. Akaitikia. 

Kisha akasema. Hapa pamekwisha, mayu. Hao wenye mashamba hawana kosa, wanalima kwao, lakini ng'ombe hawali matuta. Yeye na kaya yake wanateremka mlima wa Lyamba mpaka bondeni, halafu Chunya, halafu watakapofika. Mvua isiwakute njiani. Jumamosi alfajiri wanaondoka. Ijumaa atapitia chuoni kunichukua.

Jumamosi! Mtihani ni Jumatatu inayofuata!

Nikamwambia yote. Baba, nina kitanda, nina chakula, nikimaliza nitapata mshahara, nyumbani kwa kina Bertila watanipokea. Alisikiliza mpaka mwisho, hanikatizi kamwe, na hilo ndilo baya zaidi. Halafu akasema, na Limbu alikuwa na kitanda.

Dada yangu Limbu. Tulimwacha Mpanda kwa wenyeji wema kabisa, amalizie darasa la saba. Homa ikamchukua, na sisi tukapata habari walipokwisha kumzika, hata kaburi tulionyeshwa na watoto. Tangu siku ile baba amesema hatamwacha mtoto nyuma, hata awe mtu mzima, hata awe malaika. Nikamwambia mimi si Limbu. Akasema, nitajuaje? Limbu naye aliniambia hivyo hivyo, ana kitanda, ana chakula.

Ningekuwa na baba mkali ningemchukia, nikamaliza. Huyu nitamchukiaje? Ananipenda, na mapenzi yake yamenifunga kamba shingoni.

Jumatatu, 18 Oktoba

Bertila anasema nijifiche kwao. Nimelifikiria sana. Hapana. Baba hataondoka bila mimi. Atanitafuta nyumba kwa nyumba, na ng'ombe watabaki wamesimama bila majani mpaka waanguke. Namjua. Nikijificha nawaua ng'ombe, na ng'ombe ndio sisi wote.

Mwalimu Nestory naye anataka kuzungumza naye. Ni mtu mwema. Lakini baba akimwona mwalimu atavua kofia, ataitikia kila neno ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu, atamshukuru sana, halafu atabeba sanduku langu.

Leo tumepewa maneno ya igizo. Nimeyasoma kwa kuruka mpaka ukurasa wa mwisho. Binti anasema, "Baba, niache." Mzee anasema, "Baki, mwanangu." Ni maneno mawili tu! Aliyeyaandika hajui ni mazito kiasi gani.

Jumatano, 20 Oktoba

Hayatoki.

Tumerudia mwisho huo asubuhi yote. Bertila anasema, Baba, niache. Mimi nimevaa koti, nimeshika fimbo, nipo ndani ya baba mzima mzima, nafungua kinywa kusema baki, na miguu inageuka. Kila mara inageuka! Mkono unamshika Bertila kifundo cha mkono, unamvuta. Mwalimu akasema, Minza, maneno yanasema baki. Nikasema, Mwalimu, huyu hawezi. Akasema, nani anayekwambia hawezi? Nikasema, magoti.

Akaniambia nivue koti nijaribu. Nikavua, nikasema "Baki, mwanangu" vizuri kabisa, kwa sauti ya kengele. Mwalimu akatikisa kichwa. Hiyo ilikuwa yangu, si ya mzee. Hata mimi nilisikia. Ni mimi nilikuwa najiruhusu mwenyewe.

Baadaye alikuja kukaa nami kwenye ngazi. Akasema kama mwili huo umetoka kwa mtu wa kweli, basi namna yake ya kuachia imo humo humo, sijaifikia tu. Itafute. Natafuta! Nimejisimamisha nyuma ya bweni mpaka giza limeingia. Mguu mmoja, miguu miwili, fimbo kulia, fimbo kushoto. Nimepata hasira yake, nimepata njaa yake, nimepata hofu yake juu ya Limbu mpaka nikakaa chini. Kuachia sijakupata. Naogopa hakumo.

Ijumaa, 22 Oktoba

Naandika nimekaa juu ya sanduku langu la bati. Koti la Mzee bado nimelivaa. Sina nguvu ya kulivua.

Baba amekuja asubuhi, mapema kuliko nilivyodhani, tukiwa katika zoezi la mwisho na nguo zote. Sikujua yupo. Nilikuwa jukwaani, miguu miwili chini, fimbo kushoto, najikuna kisogo, na Bertila amepiga magoti mbele yangu. Nikasikia ukumbi umenyamaza kwa namna nyingine. Nikainua macho. Alikuwa mlangoni, kofia mkononi. Miguu miwili chini. Fimbo kushoto.

Watu walitazama huku, wakatazama kule. Felisian alianza kucheka, kicheko kikamfia kinywani.

Aibu niliyoiona sijawahi kuiona. Kumwigiza baba yako mbele ya watu, mbele yake mwenyewe! Kwetu mtu hulaaniwa kwa kosa dogo kuliko hilo. Nilitaka kutupa fimbo nikimbie. Lakini mwili haukutoka. Nilibaki baba.

Bertila, sijui alikuwa na akili gani, au alikuwa na akili kuliko sisi sote, akasema maneno yake kwa sauti. "Baba, niache."

Nilifungua kinywa, miguu ikaanza kugeuka. 

Ndipo baba akasema kutoka mlangoni, taratibu, kwa heshima yote, kama anavyoongea na wazee wenzake mnadani:

"Mzee mwenzangu, mbona humjibu mtoto?"

Hakuwa anadhihaki. Namjua akidhihaki, mabega hucheza. Mabega yalikuwa yametulia. Nikamjibu kwa sauti yake mwenyewe, ilinitoka tu:

"Nimeshindwa, mzee mwenzangu. Nisaidie."

 Akavaa kofia. Akatoka.

Mwalimu akasema tupumzike. Mimi nikaja hapa, nikapanga nguo sandukuni, nikaweka kitabu cha igizo juu kabisa, nikakitoa, nikakiweka tena. Dirishani naona uwanja wote. Baba amesimama karibu na mlingoti wa bendera. Mwalimu alimwendea akaongea naye, na kama nilivyosema, kofia ilivuliwa, kichwa kiliitikia ndiyo, ndiyo. Mwalimu amerudi peke yake, ameinamisha kichwa.

Sasa ni Bertila. Amemwendea bila kuitwa. Amechuchumaa mbele yake, anapiga makofi taratibu, ile desturi yao Wafipa ya kumsalimu mkubwa. Baba hajui ajibu vipi, hajawahi kujifunza salamu zao miaka yote hii. Amemwonyesha kwa kidevu kuwa ainuke. Bertila hainuki. Anasema kitu, sisikii. Anaonyesha upande wa kwao, kule karibu na kanisa. Bado amechuchumaa.

Baba anatazama chini. Kwato hakuna pale, kuna miguu ya Bertila tu.

Fimbo imehamia mkono wa kulia, kule inakokaa akiwa hana safari.

Anatazama huku dirishani. Sijui kama ananiona. Nimesimama. Nimesimama kama yeye, natafuta pale anapoachia.

Ameinua mguu wa kulia. Unyayo umekaribia goti. Ameushusha.

Anauinua tena —