Mbegu za Migomba ya Maua

Dada yangu,

Sisi wazima. Paka uliyeniachia amenenepa hadi anatia aibu. Na ile migomba ya maua uliyoiita mizigo imeshika mbegu. Kila asubuhi nilipanda ngazi, nikachukua chavua ya mgomba mmoja kwa brashi ya wanja uliyoisahau, nikaipaka maua ya kike ya mwenzake. Ndizi zake haziliki, zimejaa mbegu ngumu kama kokoto.

Najua daktari amekwambia sitamaliza mwaka. Chumba ulichonitayarishia mpangishe mtu, mimi siji. Mbegu hizi zinaweza kukaa mwaka mzima kabla ya kuota, na jana nimezipanda zote. Kama ni kulia, njoo ulie huku unamwagilia.

Mdogo wako, mbishi yuleyule.