Kwa Dada Mwalimu, Uliyetuambia Tungoje

Mwaka umetimia, dada, tangu asubuhi ile ardhi ilipotikisika na boriti ya bohari ya vitabu ikakulalia mapajani. Watu wa mtaa sasa wanahesabu kwa siku hiyo: mtoto huyu alizaliwa kabla ya tetemeko, ukuta ule ulijengwa baada ya tetemeko. Sisi tunahesabu saa saba ulizokaa chini ya boriti, na dakika chache ulizoishi baada ya kutoka.

Ulifundisha jiografia miaka kumi na tisa. Ulisahihisha madaftari kwa penseli, kwani ulisema wino mwekundu unamtisha mtoto, na mtoto aliyetishika hasikii. Aliyekosa kalamu ulimpa yako, kisha ukaja nyumbani kuazima ya binti yako. Wanafunzi walikubandika jina la Mama Tetemeko, nawe ukaliitika bila kinyongo.

Tuliokuchoka ni sisi wa nyumbani. Hakuna aliyekula kwako akamaliza sahani bila kufundishwa. Ulikuwa unapakua huku unasema, "Tokyo, mwaka 1923, walikuwa jikoni hivihivi, karibu saa sita mchana. Majiko yakapinduka, mji ukaungua. Watu zaidi ya laki moja." Ukishakaa, inafuata Lisbon ya mwaka 1755, makanisa yamejaa asubuhi ya sikukuu. Halafu China, mwaka 1556, watu wanaokadiriwa kupita laki nane, wengi wao wakiishi mapangoni. Shemeji alikuwa anasubiri ukivuta pumzi, ndipo aseme, "Mke wangu, na sisi tuliobaki hai tunaomba chumvi." Tunacheka. Na wewe unacheka, unampa chumvi, unaendelea.

Hukupenda tukariri idadi. Ulisema, "Laki moja si mtu. Ulizeni walikuwa wanafanya nini." Ndiyo maana ulifunga kabati ukutani kwa waya, ukakataza picha ya kioo juu ya kitanda, ukataka kila mtu alale viatu vyake vikiwa chini ya kitanda, vimeelekea mlangoni. Shemeji alimwambia kila mgeni, "Karibu, ila kabati letu usilisogelee. Unaona limefungwa kama mbwa mkali."

Siku ile darasa lako, watoto hamsini na wawili, waliingia chini ya madawati bila wewe kuwepo, wakatoka wote. Wewe hukuwa na kipindi. Ulikuwa boharini, unabandika ramani zilizochanika.

Tulikupata kwa sauti yako. Tulichimba kwa sepeto, kwa sufuria, kwa mikono, mpaka saa kumi alasiri tukauona uso wako. Kichwa kizima, mikono mizima. Boriti ya zege imebana mapaja yote mawili. Dereva wa lori akaleta jeki. Nesi wa zahanati yetu akatambaa hadi ulipo, akakushika mkono, akatugeukia.

"Msiinue kwanza," akasema. "Nimetuma watu wafuate dripu. Miguu iliyobanwa muda wote huu ina sumu. Mkiifungua ghafla, inakwenda moyoni. Nipeni nusu saa."

Nawe ukasema, kwa sauti ileile ya darasani, "Msikilizeni. Messina, mwaka 1908..."

Tulicheka, dada. Tulikuwa tumelia tangu asubuhi, na kicheko kikatutoka kama kikohozi. Shemeji akasema, "Hata humo ndani anafundisha!" Sentensi yako haikufika mwisho.

Kisha ardhi ikatetemeka tena, kidogo tu, na mchanga ukamwagika kwenye nywele zako. Watu wakakimbia. Nesi hakuuachia mkono wako. "Bado kidogo," akasema, "wako njiani." Nikamwambia, "Wewe huna ndugu humu," nikamshika miguu, nikamburuta nje. Ni mimi, mdogo wako, niliyefanya hivyo. Nikaiweka jeki. Ukaniita, "Kitindamimba, ngoja."

Nikakujibu, "Leo darasa limefungwa, mwalimu."

Nikapiga jeki.

Ulipotoka watu walishangilia, na mmoja akakimbia nyumbani kumpa Mama habari njema. Ulikunywa mafundo mawili ya maji. Ulisema miguu inawaka moto. Ulimuuliza shemeji kama darasa lilitoka lote, akakwambia lote. Ukatabasamu, macho yakapanda juu, moyo ukasimama. Nesi alikukandamiza kifua, jasho na vumbi vikimtiririka, mpaka dripu ikaletwa. Ililetwa ndani ya ileile nusu saa aliyoomba.

Mama alikuwa nyumbani, magoti hayamruhusu kutembea kwenye kifusi. Tulipokufikisha alituuliza, "Si nimeambiwa ametoka mzima?" Nikasema mimi, "Nesi alichelewesha dripu." Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Lakini neno lilishatoka, na kulirudisha sikutaka.

Wiki ya pili Mama alikwenda zahanati akijikongoja. Mbele ya akina mama waliopakata watoto wao, alimwambia nesi, "Mikono yako isimshike tena mtoto wa mtu." Nesi akasema, "Pole, mama." Hakusema zaidi, si siku ile wala mwaka huu mzima. Watu wakaanza kupeleka watoto zahanati ya mbali. Mlango wake ukapakwa uchafu. Binti yako alikutana naye dukani akamgeuzia kisogo, na aliyemfundisha kufanya hivyo ni mimi.

Mwezi wa tatu tangu msiba binti yako alilifungua daftari lako la matetemeko. Kwenye ukurasa wa Messina ulikuwa umeandika kwa penseli: "Wapo waliotolewa kwenye kifusi wakiwa hai, wakafa baadaye. Madaktari waliona kwamba kubanwa kwenyewe kunautia mwili sumu. Nisiache kuwaambia Kidato cha Tatu." Alinisomea mara mbili, kisha akaniuliza, "Mjomba, ndicho alichotaka kuwaambia?"

Nikasema sijui. Nilijua. Shemeji naye alijua. Tukanyamaza miezi mingine tisa, kwa sababu Mama alikuwa na mtu wa kumchukia, na chuki ile ilimfanya ale, aoge, aamke asubuhi. Ndivyo tulivyojidanganya. Wiki iliyopita tukasikia nesi ameomba uhamisho, na anaondoka mwisho wa mwezi.

Jumapili nilimkuta Mama anachagua mchele. Nikamwambia yote.

"Aliyeinua nani?" akauliza.

"Mimi, Mama."

"Na dada yako alisema mngoje?"

"Alisema."

"Kwa mdomo wake mwenyewe?"

"Kwa mdomo wake. Akaniita, akaniambia ngoja."

Mama akatoa kokoto moja, akaitupa, akatoa nyingine. "Mwaka mzima unakula kwangu," akasema. "Mwaka mzima unanitazama nikimlaani mtoto wa watu, nawe unasema nikuongeze mchuzi." Akainuka, akachukua fimbo yake, akaenda kwa nesi peke yake. Alikaa huko hadi jua likapungua makali. Hatujui walizungumza nini. Aliporudi alinipita mlangoni, na tangu siku hiyo hajanisemesha.

Kwa hiyo, dada, tunakuambia haya hapa, majirani wote wakisikia. Nesi hakuchelewa. Alikushika mkono wakati wengine wamekimbia, na alisema kweli. Wewe ulisema kweli. Sisi hatukungoja. Aliyemnyima salamu kwa ajili yetu na amsalimie kabla hajaondoka, na anayetafuta wa kumlaumu anapajua kwangu.

Unakumbukwa na mume wako, binti yako, walimu wenzako, na mimi mdogo wako niliyeandika. Mama pia anakukumbuka, kuliko sisi sote. Tulipompelekea karatasi hii asomewe, alisikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia binti yako, "Mimi nitoeni humo. Sitaki kuandikwa karibu na huyo." Tumemtoa kwenye orodha.

Hatutakusahau, dada, siku zote za uhai wetu.