Maneno Yangu Kwenye Kitabu cha Kaunta

Kando ya geti la kituo cha polisi,
chini ya mwavuli wangu uleule,
Jumamosi, tarehe 14.

Mpendwa dada,

Ndiyo, ni kweli. Mdogo wetu amemshtaki mkewe polisi, na aliyekuambia hajaongeza chumvi. Na lile swali lako la pili, kwamba mimi nashinda pale getini kila siku, nilikuwa wapi mpaka mambo ya nyumbani yakafika kaunta, hilo ndilo limenifanya nitafute karatasi. Lakini ngoja, nimeanza kujibu kabla ya kusalimia, utasema geti limenila adabu. Shikamoo dada. Goti lako linaendeleaje na hiyo baridi? Shemeji hajambo? Wapwa zangu wanasoma au wanakua tu? Mimi mzima, nakula, nalala, na meno yote yapo isipokuwa lile unalolijua.

Najua umezoea nikutumie sauti kwenye simu. Leo naandika kwa sababu kwenye simu nitaleta utani, utacheka, nitacheka, tutaagana na sijasema kitu. Karatasi haicheki. Mwandiko uvumilie, darasa la nne lilinishinda mimi, sikulishinda. Nikimaliza naipiga picha nakurushia.

Kazi ipo. Bado nang'arisha viatu vya askari na kuuza kalamu, bahasha na vocha. Askari siwatozi, nao hawanifukuzi. Mtu akija kushtaki hana kalamu, ninayo. Akija na viatu vya matope, nampendezesha ili afande amwone mtu wa maana. Kituo kizima wananiita Redio, wakichoka wananiita ndani niwachekeshe. Nilikuwa naona ni sifa.

Sasa huyo kitinda mimba wetu. Unalijua umbo lake, aliyekuja mwisho akatuzidi wote. Mtaani wanamwita Tingatinga. Pale karakana anachomelea mageti na kuyainua mwenyewe. Mwezi juzi, asubuhi, alikuja kituoni mkono wa kushoto umefungwa kitambaa. Alinipita getini kama hanijui, kichwa chini, akaingia. Nikabeba buti za sajini wa kaunta zilizokuwa tayari, nikamfuata.

Nikamkuta anaulizwa, "Nani kakuunguza?"

"Mke wangu, afande. Kanimwagia mafuta ya kukaangia."

"Mkeo? Wewe?"

"Ndiyo, mimi."

Dada, wote wakageuka. Kuna mama alikuwa anaripoti kitambulisho kilichopotea, hata yeye akageuka. Halafu macho yote yakaja kwangu. Nikaona aibu. Wala si aibu yake, ni yangu mimi, kwamba jioni watasema Redio ana ndugu anapigwa na mwanamke. Mdomo ukatangulia. Nikasema, "Afande, kama kuna mwanamke anamweza Tingatinga, msimkamate, mwajirini! Mpeni kikosi cha kutuliza fujo!"

Walicheka mpaka sajini akaweka kalamu chini. Nami nilipoona wamecheka, nikajaza maji kwenye mtungi uliojaa: "Huyu mdogo wangu, afande, fundi wa kuchomelea. Hizo ni cheche za kazi. Wamegombana tu na mwenzake, ana hasira." Sajini akaokota kalamu, akaandika hivyohivyo kitabuni, kwamba ndugu yake amethibitisha ni ajali ya kazini. Akamuuliza, "Ni kweli, kijana?"

Mdogo wetu akaniangalia. Hakukasirika, angekasirika ningepata nafuu. Akasema, "Ni kweli, afande. Ni cheche." Akavaa kofia yake akatoka.

Nilijidanganya kwamba nimemwokoa. Jioni nikaisimulia kwa wauza matunda, kesho yake kwa kinyozi, kila nikisimulia naiongezea nakshi. Wiki haikuisha, utani ukamfikia wifi yako. Akamwambia mumewe, "Kumbe ulienda? Nenda tena, wanakusubiri wacheke." Jumapili ile, mchana, mdogo wetu kajilaza kifudifudi kwa uchovu, mkewe akambandika pasi ya moto mgongoni.

Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu umeponza mgongo wa mwenzangu.

Nesi aliyemsafisha kidonda alimuuliza ni nini. Akasema cheche, maana ndivyo alivyofundishwa. Yule nesi akamwambia, "Baba, mafundi wengi nimewafunga vidonda. Cheche haina ncha mbele na upana nyuma." Akamjazia fomu, akamwambia arudi kituoni, lakini asiende kaunta, aende mlango wa pili. Pale kuna dawati jipya la kesi za nyumbani, na mlangoni wamebandika tangazo: mwanamke, mwanaume, mtoto, wote wanasikilizwa. Nimelipita kila siku. Hilo neno mwanaume nilidhani wameliweka kujaza nafasi.

Anayekaa hapo ni sajini mwanamama mwenye miwani. Viatu vyake nang'arisha kila Jumatatu, na hajawahi kucheka utani wangu hata mmoja. Alimwambia avue shati. Hakuguna, hakumwambia "mwanaume mzima wewe". Akapiga picha, akachukua karatasi, akamuuliza yameanza lini. Miaka mitatu, dada! Miaka mitatu namwona na mashati ya mikono mirefu juani, namtania kwamba siku hizi amekuwa meneja.

Juzi, kesi ikiwa imeshafunguliwa, akaniita mimi.

"Redio, keti."

"Mama, nikikaa nani atakung'arishia..."

"Leo hatuchezi. Keti."

Akafungua kile kitabu cha kaunta, akanisomea maneno yangu, neno kwa neno. Wakili wa wifi yako ameshayapata, anayashikilia kama kupe: huyu mtu alishakiri mwenyewe ni cheche, na kaka yake ni shahidi. Sajini akaniuliza haya maneno ni yako? Nikasema yangu. Ni ya kweli? Dada, nilitazama viatu vyake tu. Akaniambia kudanganya polisi ni kosa, na siwezi kuyafuta maneno yale bila kuulizwa kwa nini niliyasema. Halafu akasema, "Lakini mdogo wako kaungua mara mbili. Ile ya pili, sisi na wewe tulikuwa tumeshaambiwa." Alisema sisi na wewe. Hakujitoa. Nikaomba mpaka Jumatatu.

Najua kinachokuuma. Wifi yako ndiye aliyemuuguza mama mpaka siku ya mwisho, wewe ukiwa huko na mimi nikiwa nimezama kwenye mahangaiko yangu. Alimwosha, alimgeuza, alimlisha. Hilo sijalisahau, na mdogo wetu hajalisahau, ndiyo sababu moja iliyomfunga mdomo miaka yote hiyo. Sikwambii umchukie. Ila kumwosha mama hakumpi haki ya kumchoma mtoto wa mama.

Mdogo wetu yuko kwangu sasa. Kitanda changu kinamwishia magotini, kwa hiyo analala chini, kwa tumbo. Kila asubuhi nampaka dawa, na kila asubuhi ananiambia asante. Watoto wake wapo kwa bibi yao mzaa mama, anawaona Jumapili. Mkubwa amemuuliza kama fundi mwingine hawezi kumtengeneza mgongo. Hakuniambia amemjibu nini.

Msalimie shemeji, na wapwa zangu wote, na yule asiyependa uji mwambie mjomba yuko upande wake. Shangazi anakusalimu sana, masikio yake bado yanasikia yanachotaka tu. Mungu akutunze huko ugenini, akupe riziki isiyo na masimango, na siku ukirudi akukutanishe nasi wote tukiwa wazima.

Sasa dada, tupatane. Mimi Jumatatu saa mbili naingia kwa sajini mwenye miwani, naapa, nasema nilidanganya na kwa nini nilidanganya. Wanaweza kunilaza ndani. Wakinisamehe hilo, yule wa kaunta hatanisamehe kumtia kitanzini na kitabu chake, na mwavuli wangu utahamia pengine. Huo ni mzigo wangu, sikuombi unisaidie kuubeba.

Wako ni mwepesi. Nimesikia ulipanga kumpigia umwambie afute kesi. Mpigie, lakini usiseme hilo. Muulize kidonda kinaendeleaje, kisha unyamaze mpaka amalize, hata ikichukua vocha yote, nitakutumia nyingine. Maana ameniambia waziwazi, "Dada akisema nifute, nafuta. Yeye ndiye aliyetulea." Polisi nitawamudu. Neno lako siliwezi. Ukikubali, mpigie kabla ya Jumatatu. Tangu jana simu yake haitoki mkononi, anasubiri wewe.

Mdogo wako akupendaye hata ukinuna,

Redio