Masikio ya Eliza

Uyole, Jumanne, Julai 1956

Baridi kali. Ukungu umelala juu ya mashamba ya viazi tangu asubuhi, na moyo wangu nao ni hivyo hivyo.

Leo mke wangu Eliza amepimwa masikio. Tumetoka kwetu Kihesa, Iringa, tukafikia hapa kwa dada yangu, maana tulisikia kuna daktari mgeni Mbeya mjini mwenye mashine ya kupima usikivu.

Mwaka jana Eliza aliugua kifua kikuu. Sindano zilimponya. Lakini masikio yakaanza kuvuma, kisha sauti zikamtoka moja moja: kwanza ndege, halafu kengele ya kanisa, halafu mimi.

Daktari alimvalisha visikilizio, akamwonyesha ainue mkono akisikia mlio. Akawa anaongeza sauti kidogo kidogo. Mkono wa Eliza ulikuwa umetulia pajani. Inua, mke wangu, nilisema moyoni. Inua.

Uliinuka kwenye desibeli themanini na tano.

"Mnong'ono ni kama thelathini," daktari aliniambia. "Tunavyoongea hivi, sitini."

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nikatoa upesi: ishirini na tano. Si nyingi, nikamwambia, nitapaza sauti.

"Haziendi hivyo, Mwalimu. Kila zikiongezeka kumi, nguvu ya sauti inakuwa mara kumi. Ishirini ni mara mia. Hizo zako ni zaidi ya mara mia tatu."

Mara mia tatu. Sauti hiyo nitaitoa kwenye kifua gani?

Nje Eliza aliniuliza, "Amesemaje?" Nikatikisa kichwa. Akashika tumbo lake. Ana mimba ya miezi saba.

"Sasa mtoto akilia, nitajuaje?"

"Nitakuamsha mimi!" nilipiga kelele. "Mimi!" Watu wote uani wakageuka. Yeye alikuwa ananitazama mdomo tu.

"Usipayuke, Mwalimu," alisema taratibu. "Watu wanatuangalia."

Jioni hii amekaa karibu na moto anamenya viazi. Ghafla amesema, bila kuinua uso, "Nitamlaza kifuani. Akilia, mbavu zitaniambia."

Nilisimama nitoke nje, asije akanisikia nikilia.

Nilipofika mlangoni ndipo nikakumbuka. Nikarudi, nikakaa nyuma yake, nikalia.